Ndoto ya Nani? Ndoto na Hali Halisi katika Tamthilia na Filamu

UTANGULIZI

Kiswahili kina msemo unaojulikana na kila mtu: ndoto za Alinacha. Katika hadithi za Alfu Lela Ulela, Alinacha alirithi dirhamu 100, akanunua vyombo vya kioo, akavipanga kapuni na kukaa akingoja wanunuzi. Kabla hajauza hata kimoja alikwisha kuhesabu faida, akajiona tajiri, akamwoa binti waziri, na katika kuota kwake akampiga mke huyo teke ili amwonyeshe nani bwana wa nyumba. Teke likaangukia kapu, na vyombo vyote vikavunjika.

Watu huicheka hadithi hii, na ni sawa waicheke. Lakini wachache hutazama ndani ya ndoto yenyewe. Alinacha ni mchuuzi maskini. Hakuota kwamba wachuuzi wote watapata chakula na nyumba. Aliota kwamba yeye peke yake atapanda juu, na akifika juu kazi yake ya kwanza itakuwa kumpiga teke aliye chini. Ndoto hiyo si yake. Ni ndoto ya waziri na tajiri, iliyoingia katika kichwa cha maskini.

Suala la ndoto na hali halisi ni mojawapo ya masuala makuu ya tamthilia tangu zamani. Tangu sinema ilipoanza, mwishoni mwa karne ya 19, suala hili limekuwa kubwa zaidi, kwa sababu sinema hutazamwa gizani, watu wakiwa kimya, kama mtu anayeota. Wahakiki wa kibwanyenye hupenda kulieleza kana kwamba ni jambo la nafsi ya mtu mmoja: mtu anaota, dunia inamkatalia, naye anahuzunika. Maelezo hayo hayatoshi. Ndoto haitoki hewani. Hutokana na maisha ya mtu, na mara nyingi hupandwa na wengine ambao wana faida nayo. Kwa hiyo swali la kwanza la mhakiki siyo kama ndoto ni nzuri au mbaya, bali ni ndoto ya nani, na nani anafaidika watu wanapoiota.

Kwa upande mwingine, ni kosa kudhani kwamba kila ndoto ni kasumba. Lenin katika kitabu chake Nini Kifanyike?, cha mwaka 1902, aliyatumia mawazo ya mhakiki wa Kirusi Pisarev kueleza kwamba mwanamapinduzi lazima aote. Ndoto inayotangulia mbele ya matukio haina madhara, ilimradi mwenye kuota anayatazama maisha kwa makini, anailinganisha ndoto yake na anayoyaona, na anafanya kazi kwa bidii ili itimie. Kinacholeta hasara ni ndoto iliyokatiwa uhusiano na kazi na ukweli.

Makala hii itazitazama kazi tatu kwa kipimo hicho: tamthilia ya Death of a Salesman ya Arthur Miller wa Marekani (1949), filamu ya La Noire de... ya Ousmane Sembène wa Senegal (1966), na tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein wa Tanzania (1969). Ya kwanza inahusu ndoto ya mfanyakazi ndani ya nchi ya kibepari. Ya pili, ndoto ya mtu wa koloni juu ya nchi ya mtawala wake. Ya tatu, ndoto ya umma unaopigania uhuru.

MTEMBEZA BIDHAA NA NDOTO YA TAJIRI

Willy Loman, mhusika mkuu wa Miller, ana umri wa miaka 63. Kazi yake ni kutembeza bidhaa za kampuni kutoka mji hadi mji. Ameitumikia kampuni hiyo zaidi ya miaka 30, na sasa amenyang'anywa mshahara na kuachiwa kamisheni tu. Friji ni mbovu, gari linadaiwa, nyumba inalipiwa mkopo wa miaka 25. Hiyo ndiyo hali halisi. Ndoto yake ni kwamba mtu akipendwa na watu, akiwa na sura nzuri na maneno matamu, atatajirika. Ameiishi ndoto hiyo na kuwalisha watoto wake wawili, Biff na Happy.

Onyesho la Willy na bosi wake, Howard, linafaa kusomwa na kila mwanafunzi wa uchumi wa kisiasa. Willy anakwenda kuomba kazi ya kukaa mjini kwa sababu amechoka kusafiri. Anaanza kuomba dola 65 kwa wiki, anashuka hadi 50, anashuka tena hadi 40. Anamkumbusha Howard kwamba alimjua tangu utotoni na kwamba marehemu baba yake alitoa ahadi. Howard, ambaye muda mfupi kabla ya hapo alikuwa akijivunia mashine yake mpya ya kurekodi sauti, anamfukuza kazi. Miller hakumchora Howard kama shetani. Ni kijana wa kawaida mwenye haraka. Hapo ndipo palipo na nguvu ya onyesho hilo: katika ubepari mfanyakazi hufukuzwa hata na mtu asiyemchukia, kwa kuwa hesabu ndiyo inayoamua.

Jinsi ndoto ilivyojengwa jukwaani pia ni funzo. Miller aliagiza kwamba wahusika wakiwa katika wakati uliopo, lazima waheshimu kuta za nyumba na kupita mlangoni. Willy anapozama katika kumbukumbu na ndoto, wahusika hupita katika kuta kana kwamba hazipo. Mtazamaji hahitaji kuelezwa. Anaona kwa macho yake kwamba katika ndoto hakuna kizuizi, na kwamba Willy akirudi katika hali halisi atagonga ukuta.

Kuna jambo moja katika tamthilia hii ambalo msomaji wa Afrika hapaswi kuliacha lipite. Katika ndoto za Willy hutokea kaka yake, Ben, aliyetajirika. Ben alikwenda kutafuta Alaska akapotea njia na kujikuta Afrika. Aliingia porini akiwa na umri wa miaka 17 na kutoka akiwa na miaka 21, tajiri wa migodi ya almasi. Willy anausimulia utajiri huo kana kwamba ni muujiza wa ushujaa. Tamthilia haiulizi nani aliyechimba almasi hizo. Sisi lazima tuulize. Mfanyakazi wa Marekani anayenyonywa ameonyeshwa mfano wa mafanikio, na mfano huo una msingi wake katika jasho la Waafrika wasiotajwa hata kwa neno moja. Ndoto inayomuua Willy ilikwisha kuwanyonya wengine kabla ya kumfikia yeye. Sidhani kwamba Miller alikusudia kulieleza jambo hili kikamilifu, lakini mwandishi mkweli huonyesha zaidi ya anayoyakusudia.

Mwisho unajulikana. Willy anajiua kwa gari ili familia ipate fedha za bima, dola 20,000. Baada ya kutembeza bidhaa maisha yake yote, bidhaa ya mwisho anayoiuza ni yeye mwenyewe. Mkewe, Linda, anasimama kaburini na kusema kwamba siku hiyo hiyo wamemaliza kulipa deni la nyumba.

Udhaifu wa kazi hii pia usemwe. Miller anaonyesha ugonjwa kwa ufundi mkubwa, lakini haonyeshi nguvu yoyote ya pamoja inayoweza kuuponya. Hakuna chama cha wafanyakazi katika tamthilia, hakuna mfanyakazi mwenzake Willy. Biff anaitambua ndoto kuwa ya uongo, na anaweza kuondoka kwenda kufanya kazi ya mikono mashambani, lakini anaondoka peke yake. Happy anaapa kuiendeleza ndoto ileile. Hata hivyo Miller ametuachia ufunguo mmoja. Tunaambiwa kwamba Willy alikuwa na furaha ya kweli alipokuwa akijenga kwa saruji, akitengeneza ngazi na baraza ya nyumba yake. Alikuwa fundi mzuri aliyefundishwa kuidharau kazi ya mikono yake. Hapo ndipo alipoibiwa, kabla hata ya kufukuzwa kazi.

SINEMA KAMA KIWANDA CHA NDOTO

Tamthilia ya Miller ilipotengenezwa kuwa filamu mwaka 1951 na kampuni ya Columbia, lilitokea jambo linalofaa kukumbukwa. Ulikuwa wakati wa kuwasaka watu walioshukiwa ukomunisti nchini Marekani. Kampuni iliogopa filamu yake yenyewe. Ikatengeneza filamu nyingine fupi ya kutangulizwa kabla ya hiyo, ambamo wataalamu wa biashara walieleza kwamba kazi ya kuuza bidhaa ni nzuri na yenye matumaini, na kwamba watu kama Willy Loman wamepitwa na wakati. Miller alipinga vikali, na filamu hiyo fupi ikawekwa kando.

Tukio hili linatufundisha kwamba wenye sinema wanajua vizuri nguvu ya ndoto. Hawakusema kwamba hadithi ya Miller ni ya uongo. Walijaribu kuiwekea ndoto mbele yake, kama mtu anavyompa mtoto peremende kabla ya dawa chungu. Miaka mitano baadaye, mwaka 1956, Miller mwenyewe aliitwa mbele ya kamati ya bunge iliyokuwa ikichunguza watu wenye mawazo ya mrengo wa kushoto, akakataa kuwataja wenzake.

Wakoloni nao hawakuwa nyuma. Kati ya mwaka 1935 na 1937, hapa kwetu Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, uliotengeneza filamu za kuwaonyesha Waafrika wa Afrika Mashariki na ya Kati. Filamu hizo zilifundisha afya, kilimo bora na hata kuweka akiba katika benki ya posta. Hakuna ubaya katika usafi wala katika akiba. Lakini tazama tofauti. Mfanyakazi wa Marekani alipewa ndoto kubwa ya uongo, ya kuwa tajiri kesho. Mtawaliwa wa Tanganyika alipewa ndoto ndogo, ya kuwa mtawaliwa safi na mtulivu mwenye shilingi chache benki. Swali la nani anayeimiliki ardhi, na nani anayepanga bei ya pamba, halikuwa na nafasi katika ndoto yoyote kati ya hizo.

DIOUANA NA NCHI ALIYOIOTA

Ousmane Sembène alikuwa kuli bandarini Marseille kabla ya kuwa mwandishi. Aligeukia filamu, akajifunza kazi hiyo Moscow, kwa sababu aliona kwamba vitabu vyake haviwezi kuufikia umma wa Afrika ambao wengi wao hawakujua kusoma. Filamu ya La Noire de... inatokana na hadithi fupi aliyoichapisha mwaka 1962.

Hadithi ni nyepesi. Msichana wa Dakar, Diouana, anangojea kazi barabarani pamoja na wanawake wengine, mpaka mama mmoja wa Kifaransa anamchagua kulea watoto. Kwa furaha anamzawadia bibi huyo kinyago. Baadaye familia inampeleka Ufaransa. Diouana ameota maduka, nguo nzuri na matembezi. Anachokiona katika fleti ya Antibes ni jiko, bafu, chumba cha kulala na sebule. Hakuna watoto wa kulea kama ilivyosemwa. Kuna kufua, kupika na kupiga deki. Anapovaa viatu vyake vya visigino virefu anaagizwa avivue. Wageni wanakula wali wake na kumtazama kama kitu cha ajabu. Mwishowe anakichukua tena kinyago chake, anakataa mshahara, na kujiua ndani ya bafu la nyumba hiyo.

Sembène anatumia njia iliyo kinyume na ile ya Miller. Katika Miller kuta hufunguka ndoto inapoingia. Katika Sembène ndoto ilikuwa pana kama bahari, na hali halisi ni kuta nne zinazozidi kukaribiana. Ufaransa yote imekuwa jiko. Ndiyo siri ya ukoloni mamboleo ikielezwa kwa picha: uhuru wa bendera ulikwisha kupatikana Senegal mwaka 1960, lakini uhusiano wa bwana na mtumishi umevuka bahari na kuingia katika nyumba ya mtu binafsi.

Zingatia pia sauti. Diouana karibu hasemi kitu mbele ya mabwana zake, lakini mtazamaji anayasikia mawazo yake. Mawazo hayo yanasemwa kwa Kifaransa, lugha ambayo Diouana mwenyewe haimudu, na sauti ni ya mwigizaji mwingine. Wengine huliona jambo hili kuwa kasoro iliyotokana na hali za utengenezaji, na ni kweli kwamba Sembène aliisahihisha haraka: filamu yake ya Mandabi, ya mwaka 1968, inazungumza Kiwolof. Lakini hata kasoro hiyo inasema ukweli. Msichana huyu ameota ndoto ya Kifaransa. Si ajabu kwamba hata uchungu wake unatoka kwa lugha ya wenye ndoto. Kwa msomaji wa Kiswahili funzo ni dhahiri. Umma usioweza kuota kwa lugha yake utapewa ndoto zilizokwisha kutafsiriwa.

Tena tofauti na Miller, Sembène hamalizi na kaburi. Bwana wa Diouana anarudi Dakar na sanduku, fedha na kinyago. Mama yake Diouana anazikataa fedha. Mtoto mdogo anakivaa kinyago na kumfuata Mfaransa huyo mitaani mpaka anakimbilia gari lake. Hatuambiwi kwamba mapinduzi yametokea. Tunaonyeshwa tu kwamba kitu kilichofanywa pambo la ukutani kimerudi kwa wenyewe, na sasa kinamtisha aliyekichukua.

MAJI NA RISASI

Sasa tufike nyumbani, na katika suala gumu zaidi. Ndoto ya Willy ni ya uongo, na ndoto ya Diouana ni ya uongo. Ni rahisi kuzihukumu. Lakini tuseme nini juu ya ndoto iliyo ya uongo katika njia yake na ya kweli katika lengo lake?

Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, watu walipong'oa pamba ya kulazimishwa. Viliendelea mpaka 1907 na kuenea kusini yote ya nchi. Wanahistoria wanakadiria vifo kati ya 75,000 na 300,000, wengi kwa njaa, kwa sababu Wajerumani walichoma mashamba na maghala. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya kugeuza risasi, alinyongwa Mohoro mwezi Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Ebrahim Hussein hakufuata historia hiyo hatua kwa hatua. Kinjeketile wake anaishi mpaka kushindwa, kwa sababu mwandishi alitaka ayaone matokeo ya neno lake.

Tamthilia inaanza na shida: njaa, kodi, na kazi ya shuruti katika shamba la pamba. Ndoto inazaliwa hapo, wala si mbinguni. Watu wa makabila mbalimbali wanateseka kwa namna moja lakini hawaaminiani. Kinjeketile anaingia mtoni na kutoka na maji pamoja na neno la umoja. Kwa mara ya kwanza Mmatumbi na Mrufiji wanakubali kusimama pamoja. Bila ndoto hiyo pasingekuwa na jeshi. Mhakiki anayesema kwamba maji yalikuwa ushirikina tu, na kuishia hapo, hajaelewa historia.

Lakini Hussein haishii katika kusifu. Katika maneno aliyoyasema Kinjeketile akiwa amepandwa na pepo, mlikuwa na ahadi kwamba baada ya ushindi watakuwa watoto wa Seyyid Said. Anapozinduka na kuambiwa aliyoyasema, Kinjeketile anashtuka. Wamfukuze Mjerumani ili watawaliwe na Sultani? Hapa mwandishi amelitia swali letu katika moyo wa tamthilia: ndoto hii ni ya nani? Hata ndoto ya ukombozi inaweza kubeba ndani yake masilahi ya bwana mwingine, na yule anayeitamka asijue. Kinjeketile anataka kungoja, watu wafundishwe kupigana, ukweli ujulikane. Amechelewa. Neno limekwisha kuwa kubwa kuliko yeye, na watu hawataki tena kungoja.

Katika sehemu hii yote anayestahili kutazamwa ni Kitunda, askari anayefikiri. Ndiye anayehesabu nguvu za adui na kuhoji. Msiba wa tamthilia si kwamba watu waliota. Msiba ni kwamba baada ya ndoto kuenea hapakubaki nafasi ya mtu kama Kitunda kusikilizwa kwa wakati. Shauku ya umma ni mali kubwa, lakini shauku isiyoruhusu maswali huwapeleka watu mbele ya bunduki za rashasha wakiwa na maji mikononi.

Mwishoni Kinjeketile amefungwa. Anatakiwa atamke hadharani kwamba maji yalikuwa uongo, na Kitunda mwenyewe anaona afadhali ukweli usemwe. Anakataa. Anajua kwamba Mjerumani hataki ukweli juu ya maji. Anataka watoto wa kesho waambiwe kwamba babu zao walikosea kupigana. Je, Kinjeketile ametenda haki?

Suala hili limewagawanya wasomaji wengi, na makala hii haitalikwepa. Kiongozi hana haki ya kuuficha ukweli kwa umma unaokwenda kufa. Kwa hiyo kimya cha Kinjeketile kabla ya vita ni kosa, hata kama sababu zake zinaeleweka. Lakini kukataa kwake baada ya vita ni jambo jingine. Wakati ule watu walihitaji ukweli ili waishi. Sasa adui anautaka ukweli nusu ili autumie kama silaha. Kusema kwamba maji hayazuii risasi ni kweli. Kusema kwa sababu hiyo kwamba kupigania nchi ni kosa ni uongo. Kinjeketile anakataa mambo hayo mawili yasifungwe pamoja. Maji yameshindwa, umoja umebaki. Na umoja huo ndio uliokumbukwa baadaye na waliopigania uhuru uliopatikana mwaka 1961 bila maji na bila rashasha.

SANAA YA KUSIFU NA SANAA YA KUPIMA

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 zilitungwa ngonjera, nyimbo na michezo mingi ya kulieneza. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, na Mathias Mnyampala na wenzake waliifanya kwa moyo. Lakini zipo kazi nyingi za wakati huo zilizochukua mpango na kuuonyesha kana kwamba umekwisha kutimia: mnyonyaji anashindwa katika onyesho la mwisho, kijiji kinavuna, wote wanacheza ngoma. Mkulima aliyetazama mchezo huo alirudi nyumbani na kukuta jembe lilelile na barabara ileile. Sanaa ya namna hiyo, hata ikiwa na nia njema, imeiacha kazi ya kuamsha na kushika kazi ya kulaza. Imekuwa ndugu wa ile filamu fupi ya Columbia.

Penina Muhando alichagua njia ngumu zaidi. Katika Nguzo Mama, ya mwaka 1982, wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kusimamisha nguzo, na kila mmoja anavutwa na shida za nyumba yake. Mchezo unakwisha nguzo haijasimama. Kuna watakaosema kwamba mwisho huo unavunja moyo. Kinyume chake ndicho kilicho kweli. Mtazamaji aliyeona nguzo ikisimama jukwaani anapiga makofi na kwenda zake. Aliyeiona imelala anatoka akijiuliza kwa nini, na nani hakuja kuinyanyua.

Mwaka 1991, Zanzibar, miiko ya uongozi iliyowekwa na Azimio la Arusha ililegezwa. Vijana waliozaliwa baada ya hapo wanazijua nyimbo za zamani bila kuijua hoja iliyokuwamo ndani yake. Hilo lisitushangaze. Tulizifundisha nyimbo vizuri kuliko tulivyofundisha kuuliza.

BAHARI YA LEO

Ndoto ya Diouana haikufa naye. Mwaka 1973 Djibril Diop Mambéty, pia wa Senegal, alitoa Touki Bouki, ambamo vijana wawili, Mory na Anta, wanafanya kila hila wapate nauli ya meli ya kwenda Paris. Dakika ya mwisho Mory anageuka na kukimbia kurudi mjini, Anta anasafiri. Mwaka 2019 Mati Diop, binti wa ndugu yake Mambéty, alitoa filamu ya Atlantique, iliyopata tuzo kubwa ya pili huko Cannes. Hapa wanaoondoka hawana hata nauli ya meli. Ni wafanyakazi waliojenga jengo refu la kifahari Dakar na kunyimwa mshahara kwa miezi. Wanapanda mtumbwi kuelekea Uhispania na kufia baharini. Kisha mizimu yao inarudi usiku, inawapanda wasichana wa mtaa, na kwenda moja kwa moja nyumbani kwa tajiri kudai mshahara.

Tafsiri ya mizimu hiyo si ngumu. Watu hudhani kwamba vijana wanaoondoka wamelewa ndoto za Ulaya. Mati Diop anasema: kabla hamjaitazama ndoto yao, tazameni hesabu yao. Hawakufukuzwa na ndoto bali na mshahara usiolipwa. Na kitu cha ajabu kabisa katika filamu, mizimu, ndicho kinachodai jambo la kawaida kabisa, ujira wa kazi iliyokwisha kufanyika.

HITIMISHO

Kutokana na uchambuzi huu, kada au mwanafunzi anayetazama mchezo au filamu anaweza kujiuliza maswali manne. Kwanza, ndoto iliyoonyeshwa ni ya nani, na nani anapata faida watu wakiiota? Pili, ndani ya ndoto hiyo kazi imewekwa wapi: inaheshimiwa, au imefichwa kama wachimbaji wa almasi za Ben? Tatu, ndoto inaruhusu maswali, au Kitunda wake amenyamazishwa? Nne, mchezo ukiisha, mtazamaji amebakiwa na jambo la kufanya, au amebakiwa na makofi tu?

Maswali hayo yasielekezwe kwa kazi za mabepari peke yake. Ni rahisi kuona ukungu katika jicho la Hollywood. Yaelekezwe kwanza kwa tamthilia, nyimbo na filamu tunazozigharimia sisi, na kwa hotuba pia. Mipango ya umma ni ndoto katika maana ile nzuri ya Lenin, na kwa hiyo inastahili kipimo kilekile: kulinganishwa kila siku na maisha, mbele ya wale wanaoyaishi. Msanii anayefanya kazi hiyo kwa uaminifu asionekane adui. Anayetuambia mapema kwamba maji hayazuii risasi anatutakia ushindi.